Siku Kumi na Tisa Nilizojaza Mvua ya Uongo

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kujaza mvua. Nilijaza siku kumi na tisa za mvua katika jedwali la mwanafunzi, mvua ambayo mimi sikuiona na yeye hakuipima. Niliijaza nikiwa nimekaa pakavu, hapa Butembo, ndani ya duka la kuchapa maandishi, na nilipomaliza nilifurahi kwa sababu jedwali lilikuwa limependeza.

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu wa mwaka wa mwisho, ninyi wenye kazi ya utafiti ya mwaka mzima mgongoni, mnaoambiwa kila wiki kwamba huku kwetu kazi ndefu haimaliziki. Mimi nimestaafu. Mnaweza kucheka, mama yangu naye alicheka. Nina miaka thelathini, sina mvi hata moja, na bado ninatokwa na chunusi nikishikwa na wasiwasi, yaani kila wiki. Lakini nimechapa kazi za watu miaka kumi na moja, vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vinakataa kufunga kifungo cha shati asubuhi ya baridi, na nimeacha. Kama huko si kustaafu, nipeni neno lingine.

Nilijifundisha kuchapa peke yangu. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, kwa sababu mnazozijua, sina haja ya kuzieleza. Nyuma ya duka la mtu aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Dubai niliokota kibodi iliyokatika waya. Kwa miezi sita niliiweka juu ya magoti nikachapa kitabu kizima cha nyimbo za kanisa, bila kioo, bila karatasi, hewani. Dada zangu walifikiri nimeanza kuharibika kichwa. Halafu nikaenda kwa Papa Kakule, mwenye duka la kuchapa karibu na soko, mtu aliyeanza kazi hiyo enzi za mashine za chuma na karatasi za kaboni. Nilimwambia ninajua kuchapa. Alinikalisha mbele ya mashine, akaniambia niandike barua fupi kwa mama.

Sikujua kwamba kibodi yangu ya Dubai ilikuwa na mpangilio wa Kiingereza, na zile za duka zilikuwa za Kifaransa. Vidole vilikimbia bila kuangalia chini, kwa majivuno. Kila "a" ilitoka "q", kila "m" ilitoka mkato. Papa Kakule alivaa miwani yake, akaweka juu yake miwani ya pili, akasoma karatasi mpaka chini.

"Eh, Kasereka," akasema. "Mama huyu ni wa kabila gani?"

Wateja wote waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mimi nilikaa pale pale nikarudia ukurasa ule mara thelathini na moja. Papa Kakule alifikiri ni bidii, akanipa kazi. Ilikuwa hofu. Tangu utoto, kitu kikiwa na kasoro mbele yangu, hata kama si changu, ninasikia kuwashwa shingoni. Dukani nilikuwa ninapima pembezoni za ukurasa kwa rula juu ya kioo cha mashine. Mteja akiwa ameshaondoka na karatasi zake, mimi nilibaki ninawaza mkato mmoja. Siwezi kuwaambia kwamba ugonjwa huo umepona. Ninaweza kuwaambia ulichonifanyisha.

Kwanza niwape mambo mawili ya ufundi, maana bila hayo hamtaelewa kosa lenyewe.

La kwanza ni jina. Ninyi mnajua kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, na wa tatu ni Kasereka kama mimi. Sasa fikirieni duka la kuchapa mwezi wa saba. Kwenye mashine yangu kulikuwa na KAMBALE FINAL, KAMBALE FINAL 2, KAMBALE VRAI FINAL na KAMBALE FINAL MUNGU SAIDIA. Siku moja Kambale wa uuguzi alipeleka chuoni kwake kazi yenye jalada lake, jina lake, shukrani kwa wazazi wake, na ndani yake kurasa hamsini kuhusu mbuzi wanaoharisha. Aliniita kwa simu: "Kasereka, bagonjwa yangu iko na pembe!" Tangu hapo kila kazi niliipa jina la mada na mahali. Fanyeni hivyo hata kwenye simu zenu. Jina lako ni la nusu ya mji.

La pili ni kuitana. Hii ni njia ya Papa Kakule. Kazi ikiwa na jedwali la tarakimu, mwanafunzi anakaa na daftari lake, mchapaji anakaa na mashine. Mwanafunzi anasoma kwa sauti alichoandika kwa mkono wake, mchapaji anajibu kwa sauti anachokiona kwenye kioo. "Tano." "Tano." "Kumi na mbili." "Kumi na mbili." Mpaka mwisho wa jedwali, hata kama ni kurasa ishirini. Wateja waliosubiri walichoka, wengine walitukana. Papa Kakule hakujali. Alisema macho yanapenda kuona kinachopaswa kuwepo, lakini mdomo unajikwaa.

Mwaka wangu wa pili dukani, nilijiona nimeshapita kuitana. Na ndipo alipokuja Masika.

Alikuja na madaftari matatu ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa anasoma kilimo katika chuo kimoja cha Beni, lakini kwao ni Alimbongo, barabara ya kusini, kule juu kwenye viazi. Kazi yake ya kumaliza masomo, TFC kama tunavyoiita, ilikuwa hivi: kwa miezi kumi na minne, kila saa moja asubuhi, yeye au mama yake alipima mvua kwenye shamba lao. Chombo kilikuwa chupa ya plastiki iliyokatwa kichwa, kile kichwa kikageuzwa kikawekwa juu kama faneli, na ubavuni rula ya shule iliyobandikwa kwa gundi. Masika akiwa darasani Beni, mama alipima. Jumapili mama alipima akiwa ameshavaa nguo za kwaya. Walitaka kujua wiki gani ya kupanda viazi, kwa sababu mvua za siku hizi hazifuati tena kalenda ya babu zetu. Kazi ndefu, kazi ya kweli, na chombo chake hakikuwa hata na kifuniko.

Nilifungua madaftari nikayapenda. Mistari ilinyooka. Lakini katikati ya daftari la pili kulikuwa na siku kumi na tisa tupu.

"Hapa juu ya nini hakuna kitu?" nikamuuliza.

"Hatukukuwa."

"Mulikuwa wapi?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi, akaniita Yaya, yaani kaka. "Yaya, tulikimbia vita. Batu bote balikimbia. Chupa njo ilibakia."

Nikageuza ukurasa. Halafu yeye mwenyewe akaendelea: "CT wangu anasema tableau yenye mashimo haipite. Anasema nikileta vile, nitarudilia mwaka muzima."

CT ni Chef de travaux, yaani mwalimu wa chuo aliyekuwa anaisimamia kazi yake. Bila saini yake hakuna kupeleka kazi, na bila kupeleka kazi hakuna kukaa mbele ya jury, jopo la walimu wanaotoa alama.

"Na weye unasema nini?" nikauliza.

"Mi nasema chapa vile iko. Nitabaeleza."

Akapanda gari kurudi Alimbongo, maana ilikuwa wakati wa kuvuna. Kule kwao siku hizo simu ilikuwa inashika mpaka upande kilima.

Nilichapa wiki nzima. Kila nilipofika kwenye zile siku kumi na tisa, shingo iliwasha. Jedwali lote lilikuwa limejaa kama mstari wa askari, na pale katikati pengo, kama mdomo uliong'oka meno. Nilijiambia ninamsaidia. CT amekataa mashimo, msichana atapoteza mwaka, mimi nina dawa mkononi. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine, ninaungama, ni kwamba sikuweza kuvumilia kuliangalia.

Mashine inajua kufanya kazi hiyo. Unashika kipimo cha mwisho kabla ya pengo na cha kwanza baada yake, unavuta, siku zinajaa zenyewe. Zilipojaa niliona zimelingana mno, zinanuka uongo. Basi nikazichafua kidogo. Siku mbili nikaziandika sifuri. Siku moja nikaipa mvua kubwa. Mnanielewa? Nilitia kasoro za uongo ili uongo uwe mkamilifu.

Kulikuwa na jambo lingine katika daftari. Siku ya ishirini, mama yake Masika alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa, wa kulala upande: "Tumerudia. Chupa imejaa, imemwangika. Iko na majani na mende ndani." Mende, kwenye kazi ya chuo! Haikuwa tarakimu, haikuwa na safu ya kukaa. Niliiacha.

Kuitana sikufanya; Masika hakuwepo, na nilijiamini. Nilimtumia CT kazi kwa simu, kama Masika alivyoniagiza. Kesho yake CT akajibu kwa Kifaransa kwamba ni kazi nzuri sana, jedwali sasa limekamilika, ipelekwe. Nilisoma ujumbe ule mara kumi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisifu tangu mwaka wa nne. Nikachapa nakala tano, nikazifunga kwa spirali ya bluu, nikaziweka mezani zikimngoja mwenyewe.

Masika alifika Jumatano. Kazi ilipaswa kufika chuoni Beni Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Alishika nakala ya juu, akaifungua kwa furaha, akapapasa jalada. Akafika kwenye jedwali. Kidole chake kilishuka polepole kikasimama.

"Yaya Kasereka."

"Eh."

"Ile siku kumi na tisa. Nani alipima?"

Nikaeleza. Niliongea haraka, niliongea sana: CT amekubali, soma ujumbe wake, jedwali limejaa, mwaka wako umeokoka. Nilimwonyesha simu. Alisoma, akanirudishia.

"Nimekuuliza nani alipima."

"Hakuna."

"Basi toa."

"Masika, ukitoa utarudilia mwaka!"

"Nitarudilia. Weye unafikiri miye sijui kuandika bongo, kudanganya? Ningetaka bongo, ningeandika yote pale Beni, nimelala kwenye kitanda, na mama yangu hangeamka na baridi miezi kumi na mine. Toa!"

Benchi zima liligeuka kututazama. Papa Kakule aliinuka kutoka kwenye kiti chake pale nyuma, na karanga zake mkononi. Nilingoja anitetee. Mimi ndiye niliyekuwa ninaliletea duka sifa. Watu walikuja kutoka hata Lubero kwa ajili ya mistari yangu.

"Muliitana?" akauliza.

"Hapana, Papa."

"Aa." Akatafuna. "Miye kwenye mashine ya chuma nikikosa herufi, kosa inabakia pale, kila mutu anaiona, napata haya. Weye mashine yako inakusaidia kuficha. Ikaleni hapa bawili. Muitane. Yote."

"Papa, tableau ni kurasa kumi na..."

"Yote."

Alhamisi asubuhi tukaanza. Umeme haukuwepo, tukavuta waya kwa fundi cherehani jirani aliyekuwa na jenereta. Masika alisoma daftari, mimi nilijibu. Ilienda vizuri mpaka daftari la pili. Akafika pale.

"Hakuna," akasoma.

Nilifuta kipimo changu. "Hakuna," nikajibu.

"Hakuna."

"Hakuna."

Baada ya "hakuna" ya tano nilitoa vidole kwenye kibodi. Nilisema basi, tumeelewa, nitafuta zote kwa mkupuo. Papa Kakule hakuinua hata kichwa. "Moja moja," akasema. "Kukimbia yabo ilikuwa siku moja moja." Tukaendelea. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake akasikiliza. Hakuna. Hakuna. Kufika ya kumi na mbili nilielewa kile nilichokuwa nimekiona siku zote kama karatasi tupu. Kila mojawapo ilikuwa asubuhi moja, saa moja, na mama huyu akiwa mahali pengine, labda amelala chini ya mti wa watu wengine, na saa moja ikifika anakumbuka chupa. Nilikuwa nimemnyang'anya asubuhi hizo nikaweka milimita.

Baada ya siku ya kumi na tisa Masika akasoma maneno ya mama yake. Nikasita.

"Andika," akasema Papa Kakule.

"Na mende?"

"Mende iko mu cahier?"

"Iko."

"Basi iko mu TFC. Sisi ni nani ya kufukuza mende?"

Wote tukacheka, hata Masika, mara ya kwanza tangu jana yake. Na alipokuwa anacheka akavuta daftari ghafla, akachukua kalamu. Akaanza kujumlisha zile tarakimu zangu za uongo ambazo nilikuwa nimezifuta kwenye kioo lakini bado zilikuwa kwenye zile nakala tano. Alijumlisha mara mbili. Akanigeuzia karatasi.

Mvua yangu yote, siku zote kumi na tisa pamoja, haikuweza kujaza hata nusu ya chupa. Na chupa ilikuwa imejaa mpaka ikamwagika.

Mnaona? Mimi mtu wa rula juu ya kioo. Sentensi ile niliyoitupa kwa sababu haikuwa tarakimu ilikuwa kipimo. Ilisema: hatujui kila siku ilinyesha kiasi gani, lakini zote pamoja haziwezi kuwa chini ya urefu wa chupa. Mama aliyeishia darasa la pili la msingi aliandika jambo hilo kwa maneno tisa na mende mmoja, na mimi nilikuwa nimelifuta nikaweka ukame.

Tulichapa upya, tukafunga upya. Spirali za bluu zilikuwa zimekwisha, tukaweka nyeusi. Kilichobaki kilikuwa saini, maana CT alikuwa amekubali kazi ile ya kwanza, si hii. Masika alisema atakwenda peke yake. Nilimwambia nakwenda naye. Sikuwa shujaa. Lakini kama angesema mwenyewe, CT angefikiri ni yeye aliyejaza halafu akaogopa.

Ijumaa asubuhi tulipanda pikipiki moja, dereva, Masika, na mimi nyuma nikiwa nimefunga nakala ndani ya koti. Njiani kuna kizuizi. Askari mmoja kijana aliuliza nimebeba nini kifuani. Nikamwambia kazi ya shule. Akataka kuiona. Akafungua, akapitisha kurasa kwa kidole gumba.

"Mvua ya Alimbongo?" akasema. "Ninyi munapimaka mvua? Kwetu inanyeshaka tu, hakuna mutu anaisumbua."

Tukacheka kwa adabu, jinsi watu wanavyocheka kwenye kizuizi. Akafika kwenye jedwali. Akaniangalia kama mwalimu.

"Hapa mulisahau kujaza."

Mimi nilifungua mdomo, Masika akanitangulia.

"Hatukusahau, chef. Tulikimbia."

Askari aliangalia ukurasa ule muda mrefu kidogo. Akaufunga, akanirudishia kwa mikono miwili. "Muende," akasema, na hakutuomba kitu chochote.

CT alitupokea ofisini kwake saa nne. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini, kwenye meza yake milima ya kazi za watu. Masika alimpa nakala mpya, akamwambia wazi kwamba jedwali la kwanza halikuwa lake. CT alifungua, akaona mashimo, uso ukabadilika.

"Mademoiselle, nilikwambia nini juu ya mashimo?"

Ndipo niliposema. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya Kifaransa, Kifaransa nilichojifunza kwa kuchapa kazi za wengine. Yote yalipotea. "Ni miye," nikasema. "Miye njo nilijaza."

"Na weye ni nani?"

"Mwenye anachapaka."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Quatrième. Sikumaliza."

Akaegemea kiti. "Mutu wa quatrième amejaza tableau," akasema taratibu, "na miye nikaandika très bon travail."

Nje watu walikuwa wanapita na nakala zao, saa ilikuwa inakwenda. CT akashusha sauti kabisa.

"Sikilizeni. Ile ya kwanza nilishaikubali, nitaisaini. Tuiache. Jury hawatajua. Nani atajua?"

"Mama yangu atajua," akasema Masika.

"Mama yako atakuwa mu jury?"

"Hapana. Lakini atasoma. Nitamusomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Na nikifika pale nitamwambia nini? Kama wakati tulikuwa tunakimbia, kuna mutu alibakia anapima?" Akaweka mezani ile karatasi ya kujumlisha. "Tena hesabu yake haijaze hata chupa, Papa. Mutu yeyote wa jury akiomba daftari ya mama na kujumlisha, ataona. Na saini itakuwa ya weye."

Alisema "Papa" kwa heshima kamili, na alisimama wima kama mlango. CT alichukua karatasi. Alijumlisha kwa midomo, polepole. Alisoma maneno ya mama. Alisoma tena. Nilimwona akitafuta njia ya kukasirika, halafu nikamwona ameikosa.

"Andika sababu ya kila shimo," akasema mwishoni. "Na maneno ya mama ubiache. Lakini nitakukata pointi. Sheria ni sheria."

"Kata," akasema Masika.

Akasaini. Tulifika kwenye dirisha la kupokelea kazi ikiwa imebaki robo saa, na pale pale kwenye benchi ya nje Masika aliandika kwa kalamu, kwenye nakala zote tano, chini ya jedwali, kwamba siku kumi na tisa hazikupimwa kwa sababu familia ilikimbia. Wino wa kalamu kwenye kazi yangu iliyochapwa! Shingo iliwasha. Niliikuna nikaendelea kumshikia karatasi.

Siku ya jury nilikwenda tena Beni, nikakaa kiti cha nyuma. Mama yake alikuwepo, mwanamke mfupi mwenye koti la sufu kwenye joto la Beni. Mkuu wa jury aliuliza kwa Kifaransa kama mende alikuwa na umuhimu wowote wa kisayansi, na ukumbi ukacheka. Masika alingoja kicheko kiishe. Alisema ndiyo: majani na mende vinaonyesha kwamba chupa ilikaa wazi siku zote hizo na hakuna mkono ulioigusa wala kuimwaga, kwa hiyo maji yaliyokuwemo ni ya siku zote kumi na tisa. Mkuu wa jury aliandika kitu. Walimpa alama za kupita, chache kuliko alizostahili. Alikatwa kweli. Alitoka pale amemshika mama yake mkono, na mama akanishukuru kwa Kinande, wasingya, wasingya, maana Masika hakuwa amemwambia nilichofanya. Nilimwambia mwenyewe, pale kwenye uwanja. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ulitupa mende wangu?" akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilimwona wa kwanza," akasema, "mbele ya kuona kama mulango ya nyumba iko wazi."

Sasa ninawaambia ninyi. Watawaambia kwamba kazi yenye mashimo si kazi. Watawaambia kwamba utafiti ni wa watu wa mahali penye amani, wenye vyombo vya kioo na mwaka usiokatika. Msikubali. Mwaka wetu unakatika. Pimeni mpaka pale ulipokatika, simameni, rudini, pimeni tena, na mwandike wazi palipokatika. Mtu akitaka kuwakata alama, akate. Mtu akija na dawa ya kujaza, hasa akiwa mpole kama mimi, hasa akiwa anataka kuwasaidia, mnyang'anyeni daftari. Na itaneni. Tafuta mwenzako, soma kwa sauti, hata zile za "hakuna".

Nilibaki kwa Papa Kakule miaka mingine tisa, na kila jedwali lililopita mikononi mwangu liliitwa mpaka mwisho. Halafu watu wakaanza kuchapa wenyewe kwenye simu, vidole vikaanza kuniuma, nikaacha. Nilifanya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari kama mtu aliyejisomea nyumbani. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili nilipita. Sasa mimi mwenyewe ni mwanafunzi, ninakaa darasani na watoto wanaoniita Mzee, na nimemaliza kazi yangu ya mwaka mzima: kila asubuhi nilihesabu chemchemi ya mtaa wetu inajaza bidoni moja, dumu la maji, kwa dakika ngapi.

Siku sita sikupima. Tatu nilikuwa na malaria, tatu mji ulifungwa. Nimeziacha tupu, nimeandika sababu kando yake, na sizijazi.